Jinsi ya kutumia PET skani kwenye kansa ya mapafu: kupima ugonjwa, kusoma namba na kubashiri unakoelekea

Ripoti ya PET skani ikitoka tu, macho ya watu yanakimbilia namba moja, SUV, yani kipimo cha sehemu imekusanya dawa ya skani kwa wingi gani. Mgonjwa anauliza mbona yangu 14 na ya yule wa kitanda cha pili ilikuwa 6, daktari kijana naye anaiandika kwenye faili kama vile ni presha au sukari ya asubuhi, alafu taratibu uamuzi mzima wa upasuaji, dawa au mionzi unaanza kuegemea hapo. PET ni kipimo kizuri sana kwenye kansa ya mapafu, vipimo vichache vinabadilisha mpango wa matibabu kama hiki, ila namba yake haisemi kitu mpaka ujue ilipatikanaje na unailinganisha na nini. Hilo ndio nataka tulielewe hapa.

Naandika kwa daktari anayeanza kupokea hizi ripoti na pia kwa familia iliyokaa na CD na karatasi mkononi haijui ianzie wapi. Mengi nitakayosema ni ya kansa ya mapafu isiyo ya seli ndogo kwa sababu ndio inayowapata wengi.

Kwanza jua kinachowaka ni nini

Dawa inayochomwa inaitwa FDG, ni glukosi iliyobadilishwa kidogo, sehemu moja ya molekuli imetolewa ikawekwa florini-18 ambayo inatoa mionzi. Seli inaipokea kama sukari ya kawaida, inaiingiza kupitia milango yake ya glukosi, kimeng'enya cha heksokinasi kinaibandika fosfeti, na hapo safari imeisha, mbele kwenye kugeuzwa nguvu haiendi na kutoka nje haitoki kirahisi, imeshaingia kama samaki ndani ya dema. Seli nyingi za kansa zina milango mingi ya glukosi na zinatumia sukari kwa fujo hata oksijeni ikiwepo ya kutosha, jambo ambalo Mjerumani Otto Warburg alilionyesha tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo zinakusanya FDG kuliko majirani zake, na mashine inanasa ile mionzi inayotoka na kuchora ramani ya wapi sukari imejaa. Binadamu wa kwanza kuchomwa FDG ilikuwa mwaka 1976 huko University of Pennsylvania, na mashine zinazofanya PET na siti skani pamoja kwenye kitanda kimoja zilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1990.

Sasa shika hili vizuri: kinachowaka ni matumizi ya sukari. Sio lazima iwe kansa. Seli za kinga zinazopigana na TB zinakula sukari, sarkoidosisi (ugonjwa wa kinga unaovimbisha tezi na mapafu, sio kansa) inawaka, fangasi wa mapafu wanawaka, nimonia inawaka, mapafu yaliyojaa vumbi la migodini yanawaka. Sehemu yenye TB nyingi hii sio nadharia ya vitabuni, ni jambo la kila siku, na kuna watu wameambiwa wako steji ya 4 kumbe tezi za limfu zilizowaka zilikuwa na kifua kikuu.

Maandalizi ndio nusu ya kipimo

Mgonjwa asile kwa angalau masaa 4, vituo vingi wanapenda 6. Hapo namaanisha hata chai ya sukari, soda, juisi, pipi na chingamu, vyote viache, ila maji matupu anywe tena mengi. Shida iko kwa insulini. Ukila, insulini inapanda, misuli inafungua milango yake na FDG inakimbilia huko, uvimbe unaambulia kidogo, picha inatoka misuli yote inawaka na kansa imefifia. Ndio maana sukari inapimwa kabla ya sindano, na ikizidi 200 mg/dL, yani kama 11 mmol/L, kwa kawaida wanaahirisha. Kuna tabia ya kumchoma mtu insulini ya haraka ili sukari ishuke alafu FDG ifuate papo hapo, na hiyo ni mbaya kuliko kuahirisha mana sukari inashuka kweli lakini imeshuka kwa kuingia kwenye misuli, na FDG inafuata njia ile ile. Mwenye kisukari apangiwe mapema, aongee na daktari wake kuhusu saa ya skani na dawa zake, asiache dawa kwa kujiamulia. Metformini nayo inafanya utumbo uwake sana, kwenye kansa ya mapafu haiharibu sehemu ya kifua ila inaweza kuficha kitu tumboni, kwa hiyo wengine wanaisimamisha kama masaa 48 kabla, kwa maelekezo ya daktari.

Siku moja kabla asifanye mazoezi mazito. Siku ya kipimo avae nguo za kutunza joto, kwa sababu mwili ukipata baridi yale mafuta ya kahawia ya shingoni, mabegani na pembeni ya uti wa mgongo yanaanza kuchoma sukari kutengeneza joto, yanawaka juu ya ramani ile ile unayotafutia tezi. Akishachomwa alale atulie kama dakika 60, asiongee sana, asitafune kitu. Hilo la kuongea watu wanalidharau lakini lina maana ya pekee kwenye kansa ya mapafu: uvimbe wa upande wa kushoto ukibana neva inayokwenda kwenye koo, ule utepe wa sauti wa kushoto unapooza, wa kulia unafanya kazi ya wawili na kuwaka peke yake, msomaji asiyejua anaandika kuna kansa nyingine kooni upande wa kulia wakati wenye shida ni wa kushoto uliolala kimya.

Alafu kuna mambo matatu ya kuandikwa kwenye fomu bila kukosa, na ukiyakosa kwenye ripoti yaulize: sukari ilikuwa ngapi, dozi ilikuwa ngapi, na kutoka sindano mpaka skani kuanza zilipita dakika ngapi. Uvimbe mwingi wa kansa unaendelea kukusanya FDG hata baada ya saa moja. Skani ya kwanza ikichukuliwa dakika ya 60 na ya pili dakika ya 90, namba itapanda na ugonjwa haujasogea hata kidogo, na mtu anabadilishiwa dawa iliyokuwa inamsaidia. Kingine ni sindano yenyewe. Dawa ikivuja pembeni ya mshipa, kompyuta inaamini dozi yote imeingia mwilini, basi SUV zote zinashuka kwa uongo, na tezi ya kwapa upande huo inaweza kuwaka bila ugonjwa. Chanjo ya mkononi ya karibuni nayo inawasha tezi za kwapa hivyo hivyo, kwa hiyo semeni lini na mkono gani. Mimba, kunyonyesha, homa au maambukizi ya karibuni, hayo yote yasemwe kabla.

Kuhusu hofu ya mionzi: dozi ya FDG ya 370 MBq (kipimo cha nguvu ya dawa yenye mionzi) inampa mtu mzima kama 7 mSv (kipimo cha mionzi ambayo mwili unapokea), siti skani inaongeza juu yake kutegemea ilivyopigwa. Florini-18 inapungua nusu kila dakika 110, na nyingine inatoka kwa mkojo, ikifika kesho yake ni kama haipo. Kwa mtu anayetafutiwa njia ya kutibiwa kansa ya mapafu naona faida inazidi kwa mbali, ila watoto wachanga na wajawazito wasikumbatiwe kwa muda mrefu masaa yale ya kwanza.

SUV inavyopatikana, fanya hesabu mwenyewe mara moja

SUV ni wingi wa mionzi kwenye ile sehemu ukigawanya kwa dozi iliyogawanywa kwa uzito wa mtu. Chukua mtu wa kilo 70 aliyechomwa 350 MBq. Ingesambaa sawa mwili mzima, ukichukulia kilo moja ni kama mililita 1000 na MBq moja ni kBq 1000, kila mililita ingekuwa na 5 kBq. Uvimbe wake ukikutwa na 40 kBq kwa mililita, SUV ni 8, yani umekusanya mara nane ya wastani. Sasa mtu wa mapokezi aandike kilo 80 badala ya 70: wastani unakuwa 4.375 na SUV inaruka kwenda 9.1. Ugonjwa ni ule ule, mtu ni yule yule, kimebadilika kilichoandikwa kwenye kompyuta. Ndio maana mgonjwa apimwe uzito siku hiyo hiyo kwa mizani, asiulizwe tu una kilo ngapi, hasa mtu wa kansa ambaye anakonda.

Utaona majina tofauti kwenye ripoti. SUVmax ni kile kinukta kimoja chenye moto kuliko vyote, ni rahisi kupima na kila mtu anaitoa, ila kinukta kimoja kinayumbishwa na kelele za picha. SUVpeak ni wastani wa kiduara cha kama mililita 1 kwenye sehemu yenye moto zaidi, imetulia zaidi. SUL ni hesabu ile ile ila badala ya uzito wote unatumia uzito bila mafuta, kwa sababu mafuta hayavuti FDG sana na mtu mnene SUV zake zinapanda kwa ajili hiyo tu.

Na ile 2.5 inayosemwa kwamba ikizidi ni kansa ikiwa chini sio kansa, tafadhali iache. Ilianzia kwenye tafiti za zamani za vinundu vya mapafu na imeng'ang'ania vichwani mwa watu. TB inaweza kutoa 10, adenokasinoma (aina mojawapo ya kansa ya mapafu) inayokua polepole inaweza kutoa 1.5.

Kusoma picha, utaratibu ninaoupendekeza

Anza na picha ya mwili mzima inayozunguka, kabla hujagusa namba yoyote. Ubongo uwe unawaka, figo na kibofu viwake mana FDG inatoka na mkojo, ini liwe la wastani, misuli iwe kimya. Moyo hauna adabu, leo unawaka kesho haujawaka, usiutegemee. Ukikuta misuli yote inawaka na ini limepauka, simama hapo, mgonjwa alikula au alichomwa insulini, na kila namba utakayosoma itakuwa imeshushwa. Ini na damu ya kwenye mshipa mkubwa wa kifua ndio vipimo vyako vya ndani, kila kitu kingine unakilinganisha na hivyo.

Uvimbe wenyewe ukiufikia, ulinganishe na siti skani. Kinundu chini ya milimita 8 PET haikioni vizuri, kikiwa hakijawaka usimwambie mtu yuko salama. Vilevile kivuli chepesi kama ukungu, kasinoidi (uvimbe wa mapafu ambao kwa kawaida unakua polepole), na aina za adenokasinoma zinazotambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa mara nyingi haziwaki sana. Pafu linatembea na pumzi, PET inachukuliwa mtu akipumua dakika nyingi wakati siti skani ni sekunde chache, kwa hiyo uvimbe wa chini karibu na ini unapakwa, namba inashuka na saa ingine doa la kwenye ini linaonekana limekaa kwenye pafu. Upande wa faida, pafu likiwa limesinyaa nyuma ya uvimbe na siti skani inaonyesha bonge moja tu la kijivu, PET inakutenganishia sehemu ipi ni kansa na ipi ni pafu lililosinyaa, na daktari wa mionzi anaweza kulenga kwa usahihi zaidi. Hii peke yake inatosha kuomba PET kabla ya kupanga mionzi ya kifua.

Tezi za limfu ndio sehemu inayohitaji utulivu kuliko zote. N1 ni zile za ndani ya pafu na kwenye mlango wake upande wa uvimbe, N2 ni za katikati ya kifua upande huo huo au pale njia ya hewa inapogawanyika, N3 ni za upande wa pili au juu ya mtulinga. Kutoka N1 kwenda N3 mtu anatoka kwenye meza ya upasuaji anaingia kwenye mpango tofauti kabisa, na toleo la 9 la TNM, mfumo wa kupanga steji za kansa, limegawa N2 mara mbili, N2a ikiwa ni kituo kimoja (yani kundi moja la tezi) na N2b ikiwa ni zaidi ya kimoja, kwa hiyo siku hizi ripoti inayosema "tezi za kifua zinawaka" bila kutaja kituo gani haijamaliza kazi yake, irudishe. Tezi zinazowaka pande zote mbili kwa kufanana, tena zikiwa na chokaa ndani kwenye siti skani, mara nyingi ni ugonjwa wa zamani kama TB au sarkoidosisi au vumbi. Tezi moja inayowaka njiani kutoka kwenye uvimbe inatia wasiwasi zaidi. Lakini hata hiyo, biopsi (kuchukua kipande kikapimwe) kwanza, kwa bronkoskopi (mrija wenye kamera unaopita njia ya hewa) yenye ultrasaundi au kwa upasuaji mdogo wa shingoni, ndio uamue. Mtu asinyimwe upasuaji unaoweza kumponya kwa sababu ya rangi kwenye picha.

Na kinyume chake: PET ikisema tezi ziko kimya, unaweza kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji kama uvimbe uko pembeni ya pafu, hauzidi sentimita 3 na hakuna tezi iliyovimba kwenye siti skani. Ukiwa uko katikati, au ni mkubwa zaidi ya hapo, au tezi za N1 zinawaka, madaktari wa Ulaya wanashauri tezi za katikati zichukuliwe sampuli hata kama PET haijaonyesha kitu, kwa sababu vijisehemu vidogo vya kansa ndani ya tezi vinaipita PET bila kuonekana.

Mbali ya kifua angalia tezi za adrenali, ini, mifupa. Doa moja tu la mbali lithibitishwe kwa biopsi au MRI kabla halijabadilisha steji. Ubongo PET haiufai kwa kazi hii mana ubongo wenyewe unawaka wote, omba MRI ya kichwa pembeni. Mtu aliyewahi kuwekewa unga wa talki kwenye ngozi ya pafu ili maji yasijae, hiyo talki inawaka miaka na miaka, isipotajwa kwenye historia itasomwa kama kansa ya pleura, yani ya hiyo ngozi ya pafu.

Kazi yote hii ina malipo. Utafiti wa Uholanzi ulioitwa PLUS, uliotoka 2002 kwenye Lancet, uliwagawa wagonjwa 188 kwa kura, nusu wafanyiwe uchunguzi wa kawaida na nusu waongezewe PET. Waliofunguliwa kifua bure bila faida walikuwa asilimia 41 kwenye kundi la kawaida na asilimia 21 kwenye kundi la PET. Yani karibu mtu mmoja katika kila watano aliepushwa kupasuliwa kifua kwa ajili ya kitu ambacho upasuaji usingemsaidia. Kwenye kansa ya seli ndogo pia inasaidia, ukidhani ugonjwa umebaki kifuani upande mmoja PET inaweza kuonyesha umeshatoka, na hapo mionzi ya kifua inafikiriwa upya.

Kubashiri: moto mkali, au ugonjwa mwingi?

Hapa ndio watu wengi wanataka jibu. SUVmax ya uvimbe ikiwa juu, kwa ujumla hali inakuwa ngumu zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti 13 ulikuta wenye SUV ya juu walikuwa na hatari ya kifo takriban mara mbili ya wenye SUV ya chini. Lakini kila utafiti ulikuwa na mstari wake wa wapi juu inaanzia, mashine tofauti, dakika tofauti, kwa hiyo usichukue mstari wa watu wengine ukaubandika kwa mgonjwa wako. Soma kama mwelekeo tu.

Mimi naamini zaidi wingi wa ugonjwa kuliko ukali wa kinukta kimoja. MTV ni ujazo wa ugonjwa wote unaowaka, kwa mililita, na TLG ni huo ujazo mara wastani wa SUV ndani yake. Ujazo wa mililita 30 wenye wastani wa 6 unakupa TLG ya 180. Linganisha watu wawili: mmoja ana kiuvimbe cha mililita 4 chenye SUVmax 15, mwingine ana ugonjwa wa mililita 120 umeshika na tezi, SUVmax 8. Ukiangalia SUVmax pekee utamhofia wa kwanza, ukiangalia ujazo utaona wazi nani amebeba mzigo mkubwa. Kwenye jaribio la Marekani la ACRIN 6668, lililowafuata wagonjwa wa steji ya 3 waliopata kemo na mionzi, SUV ya kabla ya matibabu haikutabiri nani ataishi muda mrefu, ujazo wa kabla ya matibabu ulitabiri, na SUV iliyobaki baada ya matibabu nayo ilitabiri.

Kupima MTV fungua programu ya kituo chako, zungushia uvimbe na tezi zote zilizokubalika kuwa kansa, ondoa moyo, utumbo na chochote cha kawaida kilichoingia kwa bahati mbaya, alafu chagua kizingiti, yani SUV ambayo chini yake huhesabu kitu kuwa ni ugonjwa. Wengine wanachukua asilimia 41 ya SUVmax, wengine SUV 2.5, wengine 4.0, na majibu yanatofautiana sana. Asilimia 41 kwenye uvimbe wenye moto mkali sehemu ndogo inakata pembeni na kukupa ujazo mdogo kuliko ukweli, 2.5 kwenye uvimbe uliopoa inaweza isikamate kitu. Chagua kimoja, kiandike kwenye ripoti, na usikibadilishe kwa mgonjwa yule yule.

Ukija kwa mgonjwa mwenyewe, haya ni makadirio ya makundi ya watu. Mtu mmoja mbele yako ana umri wake, nguvu zake, aina ya kansa, vipimo vya jeni kama EGFR na ALK, PD-L1 (protini inayopimwa kwa ajili ya tiba ya kinga), na hivyo vyote vina uzito, saa ingine uzito mkubwa kuliko picha. Asiambiwe una miezi fulani kwa sababu ya TLG. Mwambie ugonjwa ni mwingi kiasi gani, uko wapi, na matibabu gani yanafuata.

Je dawa inafanya kazi?

Hapa ndio PET inaonekana ubora wake, kwa sababu seli inaweza kuacha kula sukari wiki kadhaa kabla uvimbe haujapungua ukubwa kwenye siti skani. Vigezo vinavyotumika sana vinaitwa PERCIST, vilitoka 2009. Unapima SULpeak ya doa lenye moto zaidi kabla, na ya doa lenye moto zaidi baada, hata kama sio lile lile. Ikishuka angalau asilimia 30 na pia angalau 0.8 kwa namba yenyewe, ni mwitikio wa sehemu. Ikipanda zaidi ya asilimia 30 na angalau 0.8, au doa jipya la kansa likitokea, ugonjwa umesonga. Ikizimika mpaka chini ya ini na hautofautishi na damu ya jirani, huo ni mwitikio kamili wa kimetaboliki. Mfano, kutoka 9.0 kwenda 5.4 imeshuka asilimia 40 na tofauti ni 3.6, sawa, dawa inafanya kazi. Kutoka 2.2 kwenda 1.5 imeshuka kama asilimia 32 lakini tofauti ni 0.7 tu, haihesabiki, hiyo inaweza kuwa kuyumba kwa mashine.

Lakini kabla ya kulinganisha angalia ini kwenye skani zote mbili. Kama wastani wa ini umetofautiana zaidi ya asilimia 20, au zaidi ya 0.3, skani hizo hazilinganishiki kwa namba, kuna kitu kimebadilika kwenye maandalizi au mashine. Dakika za kusubiri zisitofautiane zaidi ya 15. Mashine iwe ile ile ikiwezekana. Mgonjwa akibadilisha hospitali katikati, mwenye CD ya zamani aende nayo, sio karatasi tu, ili msomaji mpya apime upya zote mbili kwa mkono mmoja.

Muda nao. Baada ya kemo subiri angalau siku 10, na kama amechomwa dawa za kupandisha chembe nyeupe subiri kama wiki 2 mana uboho wote utawaka na utadhani kansa imeshika mifupa. Baada ya mionzi ya kifua usikimbilie, ngoja wiki 12 hivi, kwa sababu pafu lililopigwa mionzi linavimba na kuwaka, na uwakaji huo unafuata umbo la pale mionzi ilipopita, una kingo zilizonyooka zisizojali mipaka ya vipande vya pafu. Kansa iliyorudi kwa kawaida ni bonge la mviringo linalozidi kukua na kuwaka skani hadi skani.

Tiba ya kinga ina tabia yake. Seli za kinga zikiivamia kansa zinawaka zenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kuonekana amezidiwa kumbe anapona. Hii haitokei kwa wengi kwenye kansa ya mapafu, wengi wanaoonekana wamezidiwa wamezidiwa kweli, ila kama mgonjwa anajisikia vizuri, kikohozi kimepungua, uzito umerudi, na picha peke yake ndio mbaya, rudia skani baada ya wiki 4 mpaka 8 kabla ya kuitupa dawa. Kwenye skani hizo hizo angalia pia tezi ya thairoidi, utumbo mpana na mapafu kwa ujumla: thairoidi nzima ikiwaka ghafla, utumbo ukiwaka kama bomba, au mapafu yakianza madoa mapya pande zote, hayo yanaweza kuwa madhara ya dawa, na PET saa ingine inayaona kabla mgonjwa hajalalamika. Mpigie daktari wake siku hiyo hiyo, usisubiri ripoti ichapwe. Tezi za kifua zikianza kuwaka pande mbili kwa kufanana wakati uvimbe mkuu umezimika, fikiria mwitikio unaofanana na sarkoidosisi, chukua sampuli kabla hujasema kansa imesambaa.

Unapoomba skani, andika swali

Fomu iliyoandikwa "kansa ya mapafu, PET" inarudisha ripoti ya hivyo hivyo, ndefu na isiyosaidia. Andika aina ya kansa kama biopsi imeshatoka, upande gani na kipande gani cha pafu, matibabu yote na tarehe za mwisho, historia ya TB, talki, chanjo, kisukari na dawa zake, alafu swali lenyewe: je anafaa upasuaji, je tezi za katikati zinawaka na ni kituo kipi, je dawa inafanya kazi ukilinganisha na skani ya tarehe fulani. Familia nanyi mna haki ya kuuliza swali gani limeandikwa hapo.

Mgonjwa akishamaliza matibabu ya kuponya na hana dalili, ufuatiliaji wa kawaida ni siti skani ya kifua, PET haishauriwi kila baada ya miezi kadhaa kwa sababu itakuletea madoa mengi ya uponyaji na maambukizi yatakayomtia mtu hofu na kumpeleka kwenye biopsi asizohitaji. Siti skani ikionyesha kitu kipya au kitu kilichokuwa kimetulia kikaanza kukua, hapo iombe tena, sukari ipimwe, uzito upimwe, dakika ziandikwe, na CD ya zamani iwe mkononi mwa atakayesoma.